Njia za Manda: Nani Ale Kwazo?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya kisiwa cha Manda, Lamu)

Hatutawachosha. Tunataka tuzungumze jambo moja tu: njia za kisiwa hiki, na nani ale kwazo.

Tazameni ndege zinavyotua. Uwanja tunaouita wa Lamu uko hapa Manda. Mgeni anashuka, anafuata gati, anapanda boti, na huyoo, ameshavuka kwenda Lamu mjini au Shela. Amekanyaga ardhi ya Manda dakika chache, hakuacha hata bei ya dafu. Kesho yake analipa huko ng'ambo ili aletwe tena Manda kutazama magofu ya Takwa! Boti imetoka ng'ambo, chakula kimepikwa ng'ambo, mwenye kueleza habari naye ametoka ng'ambo. Wenzetu hao hawakukosa kitu. Walijipanga mapema, basi. Nasi twaweza kujipanga.

Haya, tuna nini cha kumwonyesha mgeni?

Njia ya kwanza ni ya maji: hori la Takwa. Chombo hupita katikati ya mikoko mpaka karibu na magofu yenyewe. Mji huo ulikaliwa na watu tangu karne ya 15 hivi hadi ya 17. Ndani ya ukuta wake mna mabaki ya nyumba kama 100, na milango yake imeelekea kaskazini, upande wa Makka. Msikiti wa Ijumaa una nguzo kubwa juu ya mihrabu. Nje ya ukuta liko kaburi la nguzo lenye maandishi, na tarehe yake inaangukia mwaka 1681 au 1682. Yule James Kirkman alifanya kazi ya kufukua na kusafisha magofu hayo mwaka 1951, na mwaka 1982 yaliwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Leo yanatunzwa na Makumbusho ya Taifa.

Mgeni atauliza: watu wa Takwa walikwenda wapi? Wataalamu wanadhani maji ya visima yaliingia chumvi, tena palikuwa na ugomvi na Pate. Wenyeji walivuka, wakakaa Shela. Ndiyo maana hadi zama zetu watu wa Shela huja kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Mnaona? Shida ya maji matamu inayotusumbua sisi leo ilihamisha mji mzima. Habari kama hii mgeni hataisahau, na nani ataieleza vizuri kuliko mtu anayeishi na shida hiyo hiyo?

Lakini njia hii ina bwana wake, na bwana huyo ni maji. Hori la Takwa huingiwa maji yakiwa yamejaa. Mkichelewa kutoka, chombo kinakaa topeni mpaka maji yarudi, na kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na zaidi kidogo. Kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Wavuvi wetu wanayajua haya bila kitabu: wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Ujuzi huo ni mtaji. Kikundi kiwe na ubao wa saa za maji kwa wiki nzima, na mgeni aambiwe saa ya kuondoka kabla hajalipa.

Njia ya pili ni ya miguu: Maweni na machimbo yake. Hapa mtasema, "Nani atalipa kutazama vumbi?" Subirini. Mgeni anayesifu nyumba za Lamu mjini, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, anasifu mawe ya matumbawe. Mawe hayo yanakatwaje? Nani anayashika mtaimbo juani? Mwonyesheni jiwe lililokatwa lenye umbo la kombe ndani yake, mwambieni hapa palikuwa bahari zamani sana. Halafu apite kwenye mibuyu na mikoma, ajifunze ni ndege gani analia. Apumzike kivulini, anywe maji ya ukwaju, ale mkate wa mofa uliopikwa na akina mama wa kikundi.

Njia ya tatu ni ya mbali kidogo, upande wa kaskazini: mji wa kale wa Manda. Huu ni mkongwe kuliko Takwa kwa miaka mia nyingi. Neville Chittick alifukua pale katika miaka ya 1960 na 1970, akaona watu walikuwapo tangu karne ya 9, wakifanya biashara na Ghuba ya Uajemi. Walijenga ukuta wa bahari kwa mawe makubwa ya matumbawe. Safari hiyo yaweza kuunganishwa na Manda Toto, kisiwa kidogo chenye miamba ambako wageni hupenda kuzamia na kutazama samaki.

Sasa tuseme wazi jambo lililotuleta. Machimbo yanalisha watu wengi wa Maweni, na hatuwezi kumwambia mzazi aweke mtaimbo chini watoto wakiwa na njaa. Lakini bandu bandu huisha gogo. Jiwe ukiliuza leo, kesho huna la kuliuza tena. Magofu, mikoko na hadithi zake utamwonyesha mgeni leo, na kesho bado vipo, mradi vitunzwe. Jiwe la gofu lisiguswe kabisa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza, na hata bila sheria, anayebeba jiwe la Takwa amebeba chakula cha watoto wake.

Je, yawezekana kikundi cha kijiji kufanya kazi hii? Ndiyo. Akina mama wa Gazi, kule Kwale, walijenga njia ya mbao juu ya mikoko. Wageni hulipa, hutembea, hula chakula cha akina mama. Wale wa Wasini wana njia yao pia kwenye bustani ya matumbawe. Hawakuanza wakiwa matajiri.

Tunashauri haya:

1. Kikundi kiandikishwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kufuatana na sheria ya vikundi ya mwaka 2022. Ulizeni pia kibali cha kuongoza wageni. Ada ya kuingia Takwa ni ya Makumbusho. Zungumzeni nao kwanza.

2. Bei iwe moja, iandikwe. Mkishindana kushusha bei gatini, atakayefaidi ni mgeni peke yake.

3. Pesa zipokewe na mweka hazina, mbele ya mtu wa pili, na risiti itolewe. Daftari lisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi. Vikundi vingi havikufa kwa ukosefu wa pesa. Vilikufa kwa ukosefu wa daftari.

4. Kila chombo kiwe na jaketi za kuokolea kwa watu wote. Kusi likivuma kwa nguvu, safari iahirishwe, hata kama mgeni analalamika.

5. Wageni wavae kwa heshima. Wasipande juu ya kaburi wala ukuta, na watu wakiwa katika dua wasipigwe picha. Mtu apigwe picha akikubali mwenyewe.

6. Sehemu ya mapato iwekwe kando kwa ajili ya matangi ya maji ya mvua au jabia. Mtoto wa kijiji akinywa maji kwa sababu ya mgeni, kijiji kizima kitamlinda mgeni.

Neno la tahadhari. Wageni ni kama maji, huja na kupwa. Mwaka 2011, baada ya mgeni kutekwa nyara hapa hapa Manda, watu waliogopa kuja na hoteli zikakaa tupu. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga hata anga. Aliyekuwa ameuza nyavu zake alilia. Usiache mbachao kwa msala upitao: uvuvi uendelee, kuku na biashara ndogo ziendelee, na wageni wawe nyongeza juu yake.

Basi, ndugu zetu, msingoje mfadhili. Anzeni na njia moja, chombo kimoja na daftari moja.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Katika njia hizi tatu, ni ipi tunaweza kuianza mwezi ujao kwa vyombo tulivyo navyo?
- Ni wazee gani wanaojua habari za Takwa na Manda ya kale, na vijana gani watakaa nao wajifunze?
- Nani atashika daftari, na nani atamkagua?