Mkubwa Anapomtumikia Mdogo

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona la kitoto: kuandika programu za mashine ya michezo iliyokwisha kuachwa na kiwanda chake.

Nina maana ya Game Boy, mashine ya mkononi iliyotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1989. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 8 tu, na mchezo wake mashuhuri, Tetris, ulienea katika kaseti ya kilobaiti 32. Haina kibodi, wala huwezi kuandikia programu ndani yake. Kwa hiyo mtu huandika kwenye kompyuta kubwa, kwa lugha ya C, kisha kompaila huyageuza maandishi hayo yakawa amri ambazo Game Boy inazielewa, ingawa kompyuta yenyewe haizielewi. Kompaila moja ya namna hiyo, SDCC, hupatikana bure.

Nami nilijaribu. Nilitaka nyota 40 ziruke kwenye kioo, na 40 ndio ukomo wa picha za namna hiyo kwa mara moja. Mahali pa kila nyota nilipatafuta kwa kuzidisha mwendo kwa muda. Kompaila haikunung'unika. Lakini nyota zilijikokota kama kobe. Nikailaumu mashine, nikailaumu na kompaila.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Prosesa ile haina amri ya kuzidisha. Kila nilipoandika alama moja tu ya kuzidisha, kompaila iliniwekea msururu mzima wa amri ndogo ndogo. Nilipoacha kuzidisha, nikawa najumlisha mwendo na mahali nyota ilipokuwa, zote ziliruka.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kompaila hukutafsiria maneno, lakini haikuinamii.

Hili si la michezo peke yake. Mara ngapi simu iliyonunuliwa kwa jasho huambiwa imezeeka, kumbe ni mzima, ila programu zimenenepa? Aliyeziandika alikuwa na mashine kubwa mbele yake, akamsahau mwenye ndogo. Ndiyo maana nasema kijana anayejifunza kazi hii apewe kwanza kilobaiti 8. Akishajua kubana, hatamwonea mtu.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.