Kazi ya Mbali: Mwajiri na Mwajiriwa Waaminiane Vipi?



Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Waajiri wengi hufikiri vivyo hivyo: mfanyakazi asipoonekana, basi hafanyi kazi. Lakini Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Leo hata huku mashambani tuna vijana wanaopiga chapa au kuweka hesabu za kampuni iliyo mbali, kwa kompyuta na simu tu. Na sisi wanavikundi pia tu waajiri. Mara ngapi tumempa mtu daftari zetu aende kuziandika vizuri huko mjini?

Je, kazi kama hii yaweza kufaulu? Ndiyo, yaweza. Huko China, kampuni ya Ctrip, inayouza tiketi za ndege na vyumba vya hoteli, ilifanya jaribio kati ya 2010 na 2011. Wafanyakazi wa simu waliojitolea mjini Shanghai waligawanywa: wengine wafanyie kazi nyumbani siku 4 kwa juma, wengine wabaki ofisini. Baada ya miezi 9, wale wa nyumbani walikuwa wamefanya kazi zaidi kwa asilimia 13, na walioacha kazi kati yao walikuwa nusu tu ya wenzao wa ofisini.

Kwa nini walifaulu? Kazi yao ilihesabika: simu walizopokea na maagizo waliyoandika. Tena kila mmoja alitakiwa awe amekaa kazini miezi 6 au zaidi, na awe na chumba chake cha kufanyia kazi. Hata hivyo wengi walilalamika juu ya upweke, na wengine wakaomba kurudi ofisini.

Basi tujifunze nini?

Kwa mwajiri: hesabu kazi iliyokwisha, usihesabu saa za kumwona mtu. Sema wazi ni kazi gani, iishe lini, na malipo ni kiasi gani. Kubalianeni nani atalipia intaneti, na umeme ukipotea itakuwaje. Mpigie simu siku iliyopangwa, wala usimsumbue usiku wa manane. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7.

Kwa mwajiriwa: ukikwama, sema mapema. Anayenyamaza mbali huonekana mvivu, hata kama anatoa jasho. Andika kila siku ulichofanya, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu akikudai pesa za kujiandikisha ndipo akupe kazi, jihadhari sana! Kazi ya kweli hukulipa wewe.

Kwa wazazi na jamaa: binti aliye mbele ya kompyuta sebuleni yuko kazini. Tukimtuma maji na kuni mara tano kwa asubuhi moja, kazi haitaisha, na mshahara unaolipa karo ya wadogo zake utapotea. Tumpe kona yake na saa zake, kama vile tungefanya angekuwa amepanda matatu kwenda mjini.

Tukifanya hivyo, fimbo ya mbali itaua nyoka.

Katika mkutano wenu ujao, jadilianeni:
1. Ni kazi gani za kikundi chetu zinafanywa na mtu tusiyemwona? Tumeandikiana?
2. Tunapimaje kama kazi hiyo imekwisha?
3. Vijana wetu wanaofanyia kazi nyumbani wanahitaji msaada gani kutoka kwetu?