Hekaya Tuliyoipenda Utotoni na Shauku ya Kutunga
Mada iliyosomwa katika semina ya walimu na waandishi chipukizi, Mbeya



Husemwa kwamba mtoto aliyesimuliwa hadithi nyingi huwa mtunzi. Kauli hiyo naiona pungufu, kwa maana wengi wetu tulisimuliwa kando ya moto, ilhali waliotunga ni wachache. Rai yangu ni kwamba shauku ya kutunga huzaliwa na ile hekaya ambayo mtoto aliipenda mno hata akakataa iishe ilivyoisha. Akalala nayo, akaamka nayo, na miaka mingi baadaye, kalamu ikiwa mkononi, akairudia na kuihoji pale pale ilipomchoma.

Shahidi wangu mkubwa ni marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya kisa kimojawapo cha Alfu Lela u Lela, hekaya zilizopendwa sana pwani. Katika kisa hicho cha Kiarabu, liwali wa Basra hulazimika kila usiku kuwapiga mijeledi mbwa wawili, kumbe ni ndugu zake wa tumbo moja waliomhini wakageuzwa na jini. Na hata baada ya kusamehewa na kurudishiwa umbo la binadamu, humsaliti tena, mpaka wakauawa. Shaaban Robert aliwageuza mbwa kuwa manyani, akawapa watu majina ya tabia zao, Adili, Hasidi na Mwivu; hayo ni madogo. Kubwa ni hatima: mahali pa mauti aliweka toba, msamaha na udugu uliorejea. Huyu alikuwa karani wa Idara ya Forodha, mtumishi wa serikali ya kikoloni asiyekuwa na amri ya kubatilisha hukumu yoyote ya dunia. Walakini ndani ya hekaya alikuwa kadhi, naye akaifungua upya kesi iliyokwisha kukatwa karne nyingi kabla yake. Kila nikisoma kitabu hicho moyo wangu husisimka, kwa kuwa naona humo mtu aliyependa hadithi kwa kiasi cha kutaka kuiokoa.

Shahidi wa pili alikwenda njia ya mkabala. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, alikulia katika mazingira ambamo kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Nabii Yusuf. Katika riwaya yake ya mwaka 1994, tuliyonayo sasa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kijana Yusuf hutwaliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la babaye. Lakini zile hazina za Misri hazimfikii, wala baba hakutani na mwanawe, na mwisho kijana hukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Mmoja aliongeza rehema, mwingine aliondoa faraja, na wote wawili walisukumwa na mapenzi yale yale.

Nasi wa nyanda hizi tuna nini? Watoto wa Uporoto husimuliwa habari za joka linalosemekana kukaa katika Ziwa Ngosi, na wa Iringa hukua na habari za Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 kuliko kutiwa mikononi mwa Wajerumani. Mali hii ni kubwa. Hata hivyo darasani, mara hadithi inapokoma, sisi walimu huuliza: inatufundisha nini? Swali hilo, nasema kwa uchungu, aghalabu humfunga mtoto mdomo, kwa sababu humwambia kwamba jambo limekwisha na jawabu liko kwa mwalimu. Afadhali tumwulize: ungekuwa wewe msimulizi, ungelifanya nini joka lile, na kwa nini?

Kwa idhini ya Mwenyekiti, basi, alasiri hii naomba kila mshiriki asimulie hekaya aliyoipenda utotoni, kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au lugha yoyote ya kwao, kisha atuonyeshe mahali ambapo hakuridhika nayo. Na kuanzia mahali hapo, tuandike.