Kofia ya Felti: Kuichagua, Kuitengeneza na Kuitunza

Mazungumzo haya yahusu kitu ambacho watu wengi hukivaa kila siku, lakini ni wachache wanaofikiri habari zake. Kitu hicho ni kofia ya felti, ambayo wengine huiita pama. Huko Magwagwa, katika Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, kofia hii huonekana sokoni, kanisani, barazani na mazishini. Na mara nyingi mwenye kuivaa ni mtu mzima, yule ambaye Wagusii humwita omogaka. Bei yake si ndogo. Mkulima huitoa katika fedha za majani ya chai, ambazo zingeweza kununua mbolea au kulipa karo ya shule. Hata hivyo kofia nyingi huharibika kabla ya wakati wake. Haziharibiwi na uzee, bali na msumari wa ukutani, joto la moto, na vidole vya mwenyewe.

FELTI NI NINI

Felti haikufumwa kwa nyuzi kama nguo nyingine. Hutengenezwa kwa sufu ya kondoo, au kwa manyoya laini ya sungura au ya biva, yaani mnyama mmoja wa mtoni wa nchi za baridi. Kila unywele una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Manyoya yakitiwa maji ya moto na mvuke, kisha yakasuguliwa na kushindiliwa, magamba hayo hushikana, na manyoya yote huwa kitu kimoja kizito. Joto, maji na nguvu ndivyo vilivyoitengeneza kofia. Basi mambo hayo matatu ndiyo yawezayo pia kuiharibu. Mwenye kulikumbuka neno hili moja ataelewa sababu ya mashauri yote yanayofuata.

KUCHAGUA

Yafaa mnunuzi ajue kwanza kwamba felti ya sufu na felti ya manyoya si sawa. Felti ya sufu ni rahisi kwa bei, lakini ikilowa sana hunywea na kupoteza umbo. Felti ya manyoya ya sungura au ya biva ni ghali zaidi, lakini ni nyepesi, imara, na huvumilia mvua. Jambo hili ni kubwa kwa watu wa Nyamira, kwa maana mvua ya huko kwa mwaka huwa kati ya milimita 1,200 na 2,100, na mawingu huweza kukusanyika alasiri baada ya asubuhi ya jua kali.

Pili, mnunuzi na aishike kofia mkononi. Akiukunja ukingo wake kidogo na kuuachilia, nao ukarudi mahali pake, hiyo ni dalili njema. Ukibaki umelegea, au ukilia kama karatasi ngumu, yafaa airudishe. Kisha atazame ndani. Ukanda wa ndani unaogusa paji la uso ukiwa wa ngozi, na umeshonwa vizuri pande zote, utadumu kuliko ule wa kitambaa uliobandikwa kwa gundi. Katika kofia nyingi ukanda huo una fundo dogo la utepe. Fundo hilo huonyesha upande wa nyuma. Wako watu wanaovaa kofia kinyume mwaka mzima kwa kuwa hawakulitazama.

Tatu, kipimo. Kichwa hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, unaopita katikati ya paji la uso na juu kidogo ya masikio. Mwenye sentimita 58 huvaa kofia iliyoandikwa 58. Kofia ikizidi kidogo, karatasi nyembamba iliyokunjwa ikawekwa nyuma ya ukanda wa ndani hutosha kuikaza. Lakini kofia inayobana huacha alama kwenye paji la uso na kuleta maumivu ya kichwa. Hiyo isinunuliwe kwa tamaa ya rangi yake.

Kofia za mitumba nazo si za kudharauliwa, kwa kuwa nyingine zilitengenezwa kwa felti bora. Ila zitazamwe kwenye mwanga kama zina matundu ya nondo, na ukanda wa ndani usafishwe vizuri kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ugonjwa wa mashilingi huweza kupita kutoka kichwa hadi kichwa.

UKINGO NI NGAO

Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipopigana huko Burma, walivaa kofia za felti zenye ukingo mpana. Haikuwa kwa ajili ya pambo. Nchi ile ina jua kali na mvua nyingi, na ukingo mpana huzuia vyote viwili.

Faida hiyo ingaliko, na kwa watu wengine ni jambo la uhai. Mtu mwenye ualbino hana ya kutosha ile rangi ya ngozi inayokinga jua, na saratani ya ngozi huwapata watu hao mara nyingi kichwani, usoni na shingoni. Kofia ya michezo yenye kidomo mbele huacha masikio na shingo wazi. Yamfaa kofia yenye ukingo wa kuzunguka pande zote, usiopungua sentimita 7.5, na felti haipitishi jua kama kofia ya ukindu iliyosukwa kwa matundu. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, anayekwenda naye shambani kuchuma chai, na asihesabu kofia hiyo kuwa anasa. Ni ngao, pamoja na mafuta ya kukinga jua na nguo za mikono mirefu.

KUTENGENEZA UMBO

Kofia iliyobonyea haihitaji kutupwa. Maji na yachemshwe katika birika, kisha sehemu iliyoharibika ishikwe juu ya mvuke, mbali kidogo na mdomo wa birika, kwa muda mfupi tu mpaka felti ilainike. Hapo ibonyezwe taratibu kwa mikono mpaka umbo lirudi, na iachwe ipoe bila kuguswa. Mtu asiifanye kazi hii kwa haraka. Ni afadhali kurudia mara tatu kuliko kuloweka kofia mara moja. Ukanda wa ngozi uepushwe na mvuke, kwani ngozi ikipata joto hujikunja, na kofia nzima huwa ndogo. Mikono nayo ilindwe, maana mvuke huunguza.

Lakini liko onyo. Zamani mafundi wa kofia za manyoya huko Ulaya na Marekani walitumia zebaki ili manyoya yashikane upesi. Mvuke wa zebaki uliwadhuru wengi wao, wakapata kutetemeka na kuchanganyikiwa akili. Marekani ilikomesha desturi hiyo mwaka 1941. Kwa hiyo kofia ya manyoya ya zamani sana, iliyorithiwa kwa babu, isifanyiwe mvuke ndani ya nyumba wala wasiachiwe watoto kuichezea. Yafaa iwekwe kama ukumbusho.

KUTUNZA

Kwanza, kofia ishikwe kwa ukingo, kwa mikono miwili. Desturi ya kuibana mbele kwa vidole kila inapovuliwa ndiyo inayoipasua, na jasho la vidole huacha doa.

Pili, isitundikwe kwenye msumari, kwa maana msumari huisukuma felti ikatokeza kama pembe. Iwekwe kichwa chini, ukingo juu, mahali pakavu.

Tatu, ikinyeshewa, isianikwe jikoni karibu na moto wala juani. Maji yakung'utwe, ukanda wa ndani ugeuzwe nje, nayo iachwe ikauke yenyewe kivulini. Kwa sababu hiyo hiyo isiachwe mbele ya kioo cha gari lililosimama juani, kwani joto la humo hukausha ukanda na kuikaza kofia.

Nne, tope lisifutwe likiwa bichi. Udongo mwekundu ukisuguliwa na maji huingia ndani ya manyoya na hautoki tena. Uachwe ukauke, kisha upigwe burashi laini kwa kufuata mlalo wa manyoya.

Tano, nondo. Si nondo mzima anayekula felti, bali ni viwavi vyake, navyo hupenda giza na mahali pasipoguswa. Kofia inayovaliwa na kupigwa burashi mara kwa mara haipati nondo kwa urahisi. Inayohifadhiwa muda mrefu ipigwe burashi kwanza, kisha ifungwe vizuri ndani ya sanduku. Wenye kutumia vidonge vya naftalini waviweke mbali kabisa na watoto, kwa kuwa ni sumu, na mtoto huweza kuvidhania peremende.

Hakuna shauri hata moja katika haya linalohitaji fedha nyingi. Birika, burashi na subira vyatosha. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyetumia dakika tano kuikausha kofia yake kivulini atauza gunia la mahindi ili anunue nyingine. Bali mwenye kuitunza ataivaa miaka mingi, na siku moja mwanawe ataipokea ingali na umbo lake.