Guildhall, Nyumba ya Baraza ya Mji wa London



London ikitajwa, wengi huwaza jumba la mfalme. Lakini wafanya biashara wa mji ule wana nyumba yao ya baraza, iitwayo Guildhall, nayo ndiyo tutakayoizungumza. Mwashi mkuu, John Croxton, alianza kuujenga ukumbi wake mkubwa mwaka 1411, na kazi ikachukua yapata miaka 30. Urefu wake wapata futi 150, na unene wa kuta zake za mawe ni futi 5.

Kuta hizo zimeunguzwa mara mbili zisianguke. Mwaka 1666 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na paa la ukumbi likaungua. Tena, usiku wa Desemba 29, 1940, ndege za Wajerumani zilitupa mabomu ya moto. Cheche za kanisa la jirani zikarukia paa, nalo likaangukia ndani. Sanamu mbili za majitu, Gogi na Magogi, zilizochongwa kwa mti mwaka 1708, zikawa majivu. Giles Gilbert Scott alipoezeka upya, kazi iliyokwisha mwaka 1954, aliweka matao ya mawe mahali pa boriti. Anayeona gharama ile ni bure, na amwulize mtu aliyeunguliwa na nyumba ya makuti.

Uso wa mbele ni wa mwaka 1788, na George Dance aliutia nakshi za namna ya Kihindi, jambo geni sana kwa nyumba ya Kiingereza.

Lakini liko neno lituhusulo sisi Waafrika kuliko mawe. Mwaka 1781, mabaharia wa jahazi Zong, lililochukua watumwa kutoka Afrika kwenda Jamaika, waliwatupa baharini watu zaidi ya 120 wangali hai, wakidai maji yamepungua. Wenye jahazi wakataka kulipwa bima, pauni 30 kwa kila mtu. Kesi ilisikizwa Guildhall mwezi Machi 1783, nao wakapewa haki, kana kwamba waliokufa ni shehena. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa, alimpelekea habari Granville Sharp, mpinzani wa utumwa. Mwezi Mei Jaji Mkuu Mansfield alikubali kesi isikizwe upya, baada ya kushuhudiwa kwamba mvua ilinyesha kabla ya wale wa mwisho kutupwa. Katika kumbukumbu za mahakama, haionekani kwamba ilisikizwa tena.