Kubondeka kwa Utaratibu: Vimia Vilivyochapwa na Nishati ya Mgongano



Nianze na hesabu. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 na kusimamishwa ndani ya milimita 5, hukutana na kani ya wastani inayokaribia mara 300 ya uzito wake. Kikipewa milimita 25, kani hiyo hushuka hadi mara 60 hivi. Nishati ni ile ile. Kilichoongezeka ni nafasi ya kusimama. Kazi ya helmeti imo katika milimita hizo chache.

Kwa hiyo kifyonza nishati bora si kile kigumu kupita vyote. Ni kile kinachobondeka kwa kani isiyopandapanda, tangu mwanzo hadi mwisho. Povu la polistaireni ndani ya helmeti za pikipiki hufanya hivyo, ila mara moja tu: likishabondeka halirudi. Tena vijishimo vyake hujiunda vyenyewe. Mhandisi huchagua uzito wa povu, hachagui umbo la kila kijishimo.

Uchapaji wa 3D umempa mhandisi uwezo huo wa kuchagua. Mashine hujenga tabaka juu ya tabaka, kwa kuyeyusha unga wa metali kwa leza au kugandisha resini kwa mwanga, na kila kijiti cha kimia, yaani muundo wa vijiti vilivyoungana kama wavu, hukaa pale kilipokusudiwa.

Kikae wapi, basi? Mwaka 1864 James Clerk Maxwell alitoa kanuni: zidisha idadi ya maungio kwa 3, kisha toa 6; fremu ya vipimo vitatu (3D) yenye vijiti pungufu ya hapo kwa kawaida haiwezi kukaza. Kimia chenye vijiti vya kutosha, vikapangwa vema, hubeba mzigo kwa kuvutwa na kusukumwa. Chenye vichache hubeba kwa kupinda. Ukipunguza maada kwa nusu, ugumu wa kile cha kwanza hushuka kwa nusu, wa cha pili hadi robo. Kwa daraja tungechagua cha kwanza. Lakini katika mgongano, vijiti vyake vikishajikunja, kani huporomoka ghafla. Kile kinachopinda huendelea kupokea kwa utulivu, na mara nyingi ndicho kinachomfaa mwenye kichwa.

Mwaka 2019 kampuni ya Riddell ya Marekani ilianza kutumia bitana za vimia vilivyochapwa katika helmeti za futiboli ya Kimarekani, zikiwa zimepimwa kwa kichwa cha mchezaji mmoja mmoja.

Hata hivyo, mchoro si kitu chenyewe. Unga usioyeyuka sawasawa huacha matundu, na kijiti chembamba chenye tundu hukatika kabla ya wakati wake.

Wanafunzi wangu, msiniletee kimia kwa kukisifia wepesi. Kibondeni maabarani, pimeni kani inayopita upande wa pili, ndipo mje tuzungumze.