MIMEA YA DAWA NA SHAMBA LA MKULIMA
Hotuba kwa wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi wenu huliuliza: ikiwa wataalamu wanatafuta dawa za uvimbe na maumivu katika mimea, je, mkulima aanze kuilima?

Pareto mwaijua. Kwa kweli hatuuzi ua, bali sumu ya kuulia wadudu iliyomo ndani yake. Kwa hiyo ua lililokaushwa vibaya hupoteza nguvu. Mmea wa dawa ni vivyo hivyo. Bibi zetu waliochemsha magome hawakuwa wajinga, lakini mnunuzi hulipia kile kilichopimwa.

Tena kikishajulikana, mkulima aweza kuachwa nyuma. Gome la mti wa Salix lilituliza homa na maumivu huko Ulaya tangu kale. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alitengeneza aspirini safi, dawa ya ukoo ule ule. Na mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alieleza jinsi inavyouzuia mwili kutengeneza vitu viletavyo uvimbe. Leo aspirini hutoka kiwandani, wala haihitaji gome. Pareto nayo ilipatwa na hayo: mwaka 1973 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini iigayo sumu ya ua, mshindani asiyengoja mvua.

Lakini si kila dawa huacha shamba. Mti uitwao Prunus africana, wa misitu ya milimani katika Afrika, ikiwemo Tanzania, hutoa dawa ya uvimbe wa tezi ya wanaume wazee, na dawa hiyo bado hutoka katika gome lenyewe. Hapo soko lipo, na hatari ipo: mti uliochunwa kuzunguka shina huweza kufa. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES.

Basi mgeni akija na mbegu na ahadi, katibu amwulize: Dawa hiyo yatoka katika mmea, au kiwandani? Nani atapima? Bei imeandikwa wapi? Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, yaweza kuulizwa pia. Majibu yasomwe mkutanoni kabla mtu hajang'oa mahindi yake.